Kobalti ya Likasi: Metali Iliyopita Mlango wa Chuma

Jina la Buluo likitajwa mbali na Katanga, anayelisikia hufikiria gereza, kwa maana sifa ya gereza la huko na ulinzi wake mkali imesafiri mbali kuliko mtaa wenyewe. Lakini Buluo ni ya Likasi, na Likasi ni mji uliozaliwa na mtapo wa shaba: tanuru za Panda, kiwanda cha Shituru, machimbo ya Kambove na Shinkolobwe yaliyo jirani. Historia ya mji huu imezoeleka kuandikwa kwa tani: tani za shaba, tani za kobalti, na kwa Shinkolobwe, urani iliyoingia katika mabomu ya mwaka 1945. Hapa nataka kuisoma kwa kipimo kidogo zaidi, kile cha mikrogramu zinazopatikana katika mkojo wa mtu anayeishi karibu na kiwanda. Hoja yangu ni hii: kwa karne nzima hadithi mbili zilikua sambamba juu ya metali moja, kobalti. Moja ilikuwa ya kazi ya Likasi, nyingine ya maabara zilizochunguza jinsi seli za mwili zinavyopelekeana habari. Zilichelewa mno kukutana, na kilichozichelewesha kilikuwa swali la nani anayestahili kupimwa. Ugumu wa sayansi ulichangia kidogo tu.

Kabla ya reli na kampuni, watu wa nchi hii walikuwa wameshajua kusoma dalili za shaba. Wayeyushaji wa Basanga waliitwa walyamukuba, wala shaba, yaani watu ambao riziki yao ilitoka katika mwamba. Wakati wa kiangazi walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakaimimina shaba katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ikazunguka katika biashara hadi nchi za mbali. Kilima chenye shaba hujitangaza chenyewe. Msitu wa miombo unakoma ghafla, miti inatoweka, panabaki nyasi na mimea michache inayovumilia udongo ambao mingine unaiua. Mmoja wao ni Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa jamii moja na mrehani, ambao wataalamu wameupa jina la ua la shaba. Huota pia palipokuwa na tanuru za kale, na wachunguzi wa mambo ya kale wameutumia kutafuta mabaki ya uyeyushaji. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi ya shaba hapa ilikuwa kazi ya kusoma ishara, na kiumbe hai, japo ni mmea tu, kilikubalika kuwa shahidi wa kilichomo ardhini.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Kiwanda cha kuchambulia mtapo kilianza kazi Panda mwaka 1921, na mwaka 1929 Shituru ikaanza kuitoa shaba kwa asidi ya sulfuriki na umeme. Mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likaanza kuleta umeme huo. Mji uliitwa Jadotville, kwa jina la mkurugenzi Jean Jadot, hadi mwaka 1966. Kobalti iliingia katika habari hii kama ndugu asiyealikwa. Katika miamba ya Katanga huandamana na shaba, na mwanzoni ilikuwa usumbufu kwa anayetaka shaba safi. Kisha ikapata soko: rangi ya buluu, sumaku, vyuma vigumu vya kukatia vyuma vingine. Tanuru za umeme za Panda zikawa zinatoa aloi ya kobalti iliyosafirishwa kwenda kusafishwa Olen, Ubelgiji, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Katanga ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa metali hiyo ulimwenguni. Leo inatafutwa kwa ajili ya betri za simu na magari, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo.

Katika kazi hiyo kila hatua ilikuwa na kipimo chake. Mtapo ulichukuliwa sampuli, ukasagwa, ukapimwa: shaba asilimia ngapi, kobalti asilimia ngapi, kiasi gani kimepotea katika mabaki. Mwili wa mfanyakazi nao ulipimwa, kwa namna yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea mikataba mifupi ya vijana waliotoka mbali, ikawaruhusu wafanyakazi kukaa na wake zao na watoto. Makambi yakapata hospitali, uzazi na zahanati za watoto wachanga. Mwaka 1957 likaja hata gazeti la kampuni, lenye jina linaloeleza lenyewe: Mwana Shaba. Si haki kusema kwamba madaktari wa kampuni hawakujali. Walipambana na nimonia, kifua kikuu, malaria na utapiamlo, magonjwa yaliyoua haraka na kupunguza idadi ya mikono kazini. Walichopima ni nguvu ya kufanya kazi: uzito wa mtu, mgao wa chakula, siku za kulala hospitalini. Metali iliyokuwa ndani ya mtu haikuwamo katika orodha hiyo.

Na tazama tarehe. Mwaka huohuo wa 1929, Shituru ilipoanza kazi, jarida la tiba la Kijerumani lilichapisha makala ya Waltner kuhusu kobalti na damu. Panya waliolishwa kobalti walionekana kuwa na chembe nyekundu za damu nyingi kupita kawaida. Lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu sumu nyingi za metali huidhoofisha damu, na hii ilionekana kuistawisha. Matabibu wakavutiwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 chumvi za kobalti zilitolewa kama dawa kwa wagonjwa wenye upungufu wa damu, wakiwemo watoto na wajawazito, na damu yao ikaongezeka kweli. Lakini baadhi ya watoto walivimba shingo, kwa kuwa kobalti ilizuia tezi ya thairoidi kutumia madini ya joto. Mwaka 1957 Eugene Goldwasser na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba kobalti haiendi moja kwa moja kwenye uboho kutengeneza damu. Inaufanya mwili utoe homoni, erithropoyetini, ambayo figo huitoa mtu anapokosa oksijeni, na homoni hiyo ndiyo inayouamuru uboho. Kwa maneno mengine, mnyama aliyelishwa kobalti alikuwa na hewa ya kutosha, lakini figo zake zilitenda kana kwamba hewa imeisha.

Jinsi ulaghai huo unavyofanyika ilichukua zaidi ya miaka 40 kueleweka, na ndiyo moja ya hadithi nzuri za utafiti wa ishara za seli. Mwaka 1992 Gregg Semenza na mwenzake walieleza protini inayowasha jeni ya erithropoyetini oksijeni ikipungua. Imezoeleka kwa kifupi HIF. Seli huitengeneza HIF mfululizo na kuiharibu mfululizo, kama mlinzi anayeandika taarifa ya hatari kila dakika na kuichana mara tu anapoona hali ni shwari. Mwaka 2001 makundi ya William Kaelin wa Boston na Peter Ratcliffe wa Oxford yaligundua nini kinachoamua kuchanwa kwake. Kuna kimeng'enya ambacho moyoni mwake kimebeba atomu moja ya chuma. Oksijeni ikiwepo, kimeng'enya hicho huitumia kuitia HIF alama ndogo. Protini nyingine, iitwayo VHL, huitambua alama na kuipeleka HIF ikavunjwevunjwe. Oksijeni ikikosekana, alama haitiwi, HIF inabaki, inaingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi kwa pamoja: za damu, za mishipa mipya, za namna ya kuchoma sukari. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kobalti huingilia hapo kwenye chuma. Kwa umbo na chaji inafanana na chuma kiasi cha kuweza kukaa mahali pake, lakini kazi ya chuma haiiwezi, na kimeng'enya kinakufa ganzi. Watafiti wengine wameonyesha njia za ziada: kobalti humaliza vitamini C ndani ya seli, ambayo hukiweka chuma katika hali ya kufanya kazi, na inaweza kuishika HIF yenyewe ili VHL isiifikie. Njia ni zaidi ya moja, tokeo ni lilelile. Seli ya mtu aliyekaa uwandani hutenda kama ya mtu anayepanda Kilimanjaro.

Uzito wa ishara hii katika afya na maradhi si wa kubuni. Watu wanaorithi kasoro katika VHL hupata uvimbe na saratani ya figo, kwa kuwa seli zao hubaki zikitangaza ukosefu wa hewa usiokuwepo. Kwa upande mwingine, sasa kuna dawa za vidonge zinazokilegeza kimeng'enya hichohicho kwa makusudi, ili kuwaongezea damu wagonjwa wa figo. Moja yao, roxadustat, iliidhinishwa China mwaka 2018. Kile ambacho kobalti ilikifanya kwa fujo katika miaka ya 1950, dawa hizi hukifanya kwa kipimo na chini ya uangalizi wa daktari. Nalisisitiza neno uangalizi. Anayemeza kidonge hiki hupimwa damu kila baada ya muda, kwa sababu ishara ikizidi damu huwa nzito na kuganda. Anayemeza vumbi la kobalti hana ratiba hiyo.

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea Quebec, Kanada, katikati ya miaka ya 1960. Viwanda vya bia vilikuwa vimeanza kutia kobalti kidogo ili povu lisitoweke upesi. Wanywaji wakubwa wakaanza kufika hospitalini mioyo ikiwa imeshindwa, na wengi wakafa. Visa vya aina hiyo vilionekana pia Omaha, Marekani, na Leuven, Ubelgiji. Kobalti ilipotiliwa shaka iliondolewa katika bia, na maradhi yakakoma. Kitendawili kilikuwa kwamba kiasi walichokunywa watu hao kwa siku kilikuwa kidogo kuliko kile ambacho wagonjwa wa damu walikuwa wamepewa kama dawa bila mioyo yao kufa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba miili ya wanywaji ilikuwa na njaa ya protini na vitamini. Dozi peke yake haikuamua. Hali ya mwili unaoipokea iliamua nayo. Na utumbo una siri yake. Mlango unaoingiza chuma mwilini ndio unaoipitisha kobalti, na mtu mwenye upungufu wa chuma hufungua mlango huo wazi zaidi. Hivyo kobalti hujipitisha kama chuma mara mbili: kwanza utumboni, kisha ndani ya kimeng'enya. Mwanamke mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu, hali ya kawaida katika miji yetu, huivuta zaidi kuliko mwanamume aliyeshiba.

Haya ya damu, moyo na utumbo yaliweza kujulikana, kwa sehemu kubwa, kufikia mwaka 1970. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi mwaka 2009 ndipo Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery na wenzao wa Leuven, walipochapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kwenye kiwanda cha kuyeyushia walikuwa na kobalti mara 43 zaidi ya watu wa eneo lililo kilomita 400 kutoka ukanda wa migodi. Zaidi ya nusu yao walivuka mikrogramu 15 kwa gramu ya kreatinini, kiwango cha tahadhari kinachotumika kwa wafanyakazi wa viwandani. Kwa watoto wa chini ya miaka 14 walikuwa asilimia 87. Watafiti waliandika kwamba hakuna jamii ya kawaida popote iliyowahi kuripotiwa kuwa na viwango hivyo. Kazi zilizofuata zilifuatilia njia: mboga zilizolimwa kwenye udongo huo, na vumbi linalomezwa, hasa na watoto wanaocheza chini. Hebu tulitazame hilo kwa karibu. Mtoto anakaa mlangoni, anashika udongo mwekundu, anashika kipande cha muhogo, anatia mdomoni. Mtapo ambao kampuni iliupima kwa makini unaingia katika mwili wake bila hesabu.

Pingamizi la kwanza ni la haki, na linatoka kwa wanasayansi wenyewe. Kuwa na kobalti katika mkojo si kuwa na ugonjwa. Tena, katika maabara, seli hudanganywa kwa kutiwa kloridi ya kobalti kiasi cha mikromoli 100 kwa lita, sawa na mikrogramu 5,900 hivi za kobalti kwa lita. Damu ya mkazi wa Likasi haikaribii hapo. Nakubali, na ndiyo sababu sisemi kwamba ishara ya HIF ndiyo inayoeleza maradhi ya Likasi. Hilo bado halijathibitishwa kwa watu wa hapa. Utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health unafundisha tahadhari hiyohiyo. Ulilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana na wengine 108 wasio nazo, ukakuta uhusiano mkubwa na kazi ya baba katika mambo ya madini, lakini kobalti iliyopimwa kwa mama haikuyatenganisha makundi hayo mawili. Hata hivyo seli za maabara hukaa na kobalti kwa saa au siku chache, ilhali mkazi hukaa nayo tangu tumboni mwa mama hadi uzeeni, pamoja na risasi, aseniki, kadimiamu na urani. Bia ya Quebec imeshatuonyesha kwamba kiasi kinachovumiliwa na mwili mmoja huuangusha mwingine. Na ishara za seli hutangulia dalili, hufanya kazi kimya kabla mtu hajajua kuwa anaumwa. Ukingoja wagonjwa wajae wodini ndipo upime, umechelewa kwa kizazi kizima.

Pingamizi la pili linasema kwamba udongo wa Katanga umekuwa na metali tangu mwanzo wa dunia, na walyamukuba waliishi juu yake. Hapa mimea ina somo la kutupa. Haumaniastrum robertii, ndugu wa ua la shaba, iliwahi kuripotiwa kubeba kobalti kufikia asilimia 1 ya uzito wake mkavu, na ikasifiwa kama maajabu. Baadaye Michel-Pierre Faucon na wenzake, waliochunguza upya mimea ya aina hii, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya metali iliyohesabiwa ilikuwa vumbi lililoganda juu ya majani. Majani yakioshwa vizuri, namba zinashuka sana. Swali la kilichomo na kilichorushwa juu linaulizika kwa watu pia, na jibu lake halihitaji kubahatisha. Ni kweli migodi iko palipo na mwamba wenye metali, kwa hiyo umbali peke yake hauwezi kutenganisha jiolojia na kiwanda. Lakini mwamba uliolala chini ya nyasi haumezwi. Ili uingie tumboni ni lazima uchimbwe, usagwe, uchomwe, umwagwe mtoni au upakiwe katika lori lisilofunikwa. Walyamukuba walifanya kazi hiyo kwa msimu na kwa kapu. Shituru imeifanya usiku na mchana kwa tanki na bomba, na mabaki ya kazi ya Likasi yamefuata mto Panda hadi Lufira na ziwa Tshangalele, ambako watu huvua samaki.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi sokoni na nyumbani: watu hula kutokana na kazi hii. Uhasama dhidi ya migodi, wanasema, ni anasa ya aliyeshiba. Hoja hii ina ukweli, na haihitaji kupingwa ili upimaji ukubalike. Watu wa Likasi hawajawahi kuitoa miili yao bila kudai malipo. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Jadotville waligoma pamoja na wenzao wa Élisabethville kudai mishahara, na serikali ya kikoloni ikajibu kwa risasi. Walichokuwa wakibishania ni bei ya nguvu zao. Kobalti iliyobaki ndani yao haikuwa sehemu ya mapatano kwa sababu hawakujua kama ipo, na mtu hawezi kupatana juu ya kitu alichofichwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya Kongo iliitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati na kupandisha mrabaha wake hadi asilimia 10. Ikiwa metali ni ya kimkakati ikiwa gunia, ni vigumu kueleza kwa nini iwe haina maana ikiwa damuni mwa anayelibeba gunia hilo.

Vinavyohitajika si vya ajabu, wala havingoji Tuzo nyingine ya Nobel. Mlolongo unaoelezwa na utafiti wa seli unatuambia vipimo vya kuchukuliwa pamoja: kobalti ya mkojo, wingi wa chembe nyekundu, akiba ya chuma, homoni za thairoidi. Vikichukuliwa kwa mtu yuleyule, vitaonyesha kama ishara inadanganywa au la. Matokeo yakionyesha kwamba miili imevumilia, hiyo nayo ni habari njema inayostahili kuwa na ushahidi. Na kuwapa watoto na wajawazito chuma cha kutosha, jambo ambalo zahanati zingepaswa kulifanya hata kama kobalti isingekuwepo, huenda kukaubana mlango ambao metali hii huupitia. Mafundi wa maabara ya mtapo wamejua tangu siku za Panda kwamba jiwe halisemi lina nini mpaka limechukuliwa sampuli. Ustadi huo haujawahi kukosekana Likasi. Uliishia kwenye geti la kiwanda, upande wa ndani.